Mguu wa Kushoto

Hatua zote za ngoma zilikuwa zimesajiliwa. Ukicheza bila kibali, hata jikoni kwako, bangili ya mkononi ilipiga kelele. Ndiyo maana Somoe hakuyakosa mafunzo ya bure ya sindimba kwenye tamasha. Huko bangili ziliwaka kijani tu.

“Umekosea, mama,” mwalimu alimwambia. “Mguu wa kushoto hauburutwi.”

Marehemu mama yake ndivyo alivyouburuta. Somoe akaitazama bangili. Ilikuwa imezima, kana kwamba hachezi.

Mwalimu naye aliiona. “Kumbe hatua hii haijasajiliwa. Hebu rudia, tuiingize.”

“Nimeshasahau, mwalimu. Miguu yenyewe ya kizee hii.”

Jioni aliuburuta mguu ule jikoni pamoja na mdogo wake, bangili kimya, wakacheka mpaka machozi. Kisha wakafunga dirisha.