Hodi ya Chura

Chura mzee alimwendea Kobe, mtafiti wa viungo vilivyochoka.

"Nitibu koo, Daktari. Kila masika nampigia hodi mpenzi wangu aliye ng'ambo ya bwawa, wala sisikii karibu. Nasi vyura, asiyekaribishwa havuki. Nitakufa na hamu yangu."

Kobe akamuuliza jambo, asijibiwe. Akamwashiria aite. Chura akaita, akangoja, akainamisha kichwa.

Kobe alikuwa ametega sikio ng'ambo. Akamsogelea, akampigia kelele sikioni: "Koo lako zima, mzee! Kilichochoka ni masikio."

"Kwani yeye…?"

"Anakukaribisha mpaka sauti inamkauka. Hata sasa hivi!"

Chura hakungoja dawa. Alijitosa bwawani, akaifuata ile karibu asiyoisikia.