Natembea Tu

Kwa miaka tisa Siwatu alikuwa akitoka nyumbani mbio na kurudi mbio, kwani mama yake aliyepooza hakuwa wa kuachwa peke yake. Matanga ya mama yalipokwisha na wageni wa mwisho kuondoka, alitoka bila kikapu.

Manyunyu yalikuwa yakianguka. Alipita sokoni asinunue kitu, akaingia kichochoro asichokijua, akasimama kumtazama seremala akichonga mlango hadi akatosheka. Miguu yake ilikwenda polepole, kama inayoionja njia. Alijikuta anafurahi, akaona haya.

“Waelekea wapi na mvua hii, mwanangu?” aliuliza Bi Chausiku, jirani aliyemwosha marehemu.

“Siendi popote, shangazi. Natembea tu.”

Bi Chausiku alimtazama. “Basi tembea. Mama yako alikuwa akiniambia, ‘Mtoto huyu nimemfunga miguu.’”

Siwatu hakuwahi kujua kwamba mama alilijua hilo. Alikwenda akilia hadi njia panda. Upande mmoja moshi wa majiko ulikuwa ukipanda. Upande wa pili barabara ya udongo ilipotelea ukunguni. Kokote hakuwa na wa kumngoja. Akavua kandambili, akazishika mkononi, akaifuata ile ya udongo.