Pakiti Tupu

"Shikamoo, Bi Zamda. Naomba sigara mbili," alisema Riziki, msichana wa miaka kumi na miwili. "Nimetumwa na baba."

Bi Zamda aliacha kupanga sabuni. Dukani kwake mtoto hauziwi sigara, hata akitumwa. Baba huyo alizifuata mwenyewe kila asubuhi. Na juzi walimzika.

"Umetumwa na baba, mwanangu?"

Mtoto aliinama. "Si za kuvuta. Shangazi amefua kila kitu. Nyumba inanukia sabuni tu."

Bi Zamda alipapasa chini ya meza, akapata pakiti tupu ya sigara zile zile, akampa. Riziki aliifungua, akanusa mara moja, kisha akaifunga upesi na kuibana kifuani, harufu isije ikaisha.