Chai ya Vijiko Vinne

Siku hizi gari haliwaki mpaka lipime sukari ya dereva kwenye usukani. Ikiwa imeshuka linagoma, asije akazimia njiani. Ikiwa imepanda, halina neno. Dawa za mume wangu huishusha, basi kila asubuhi namtilia vijiko vinne kwenye chai, aende kusambaza maziwa. Miguu inamfa ganzi, lakini miguu gari halipimi.

Leo, alipoinua mguu kupanda, nikaona msumari umezama kwenye soli, damu inachuruzika.

“Baba Rukia, mguu huo hauumi?”

“Upi?”

Akashika usukani.

“Dereva yuko salama,” likasema gari, likawaka.

Akanichungulia dirishani. “Mama Rukia, hebu niangalizie. Breki nimeikanyaga?”