Kunde za Kuchakulo

Enzi hizo, ghala la wanyama likinukia mtama mpya, raha ilikuwa kuwasikiliza sisimizi wabebaji wakipishana.

"Kwema utokako?"

"Kwema, ila njia ya nyuma imeziba."

Kisha kila mmoja hushika njia yake.

Kuchakulo, msimamizi mwenye pupa, aliona wanapoteza muda. Akachora ghala mchangani, akapanga kunde kuwa ndizo sisimizi, akazisogeza kwa kidole. Zote zilifika upesi, na hakuna iliyogongana na mwenziwe.

"Mmeona? Kuanzia leo ni marufuku kusalimiana!"

Kesho yake wakabeba kimya. Gunia likaanguka njiani, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia mwenzake, wote wakajazana palepale, wanaokwenda na wanaorudi. Mtama ukamwagika, wakaukanyaga.

"Mbona kunde zangu hazikukwama?" Kuchakulo akalia.

"Bwana Kuchakulo," akajibu sisimizi mmoja chini ya mzigo wake, "kunde zote zilitumia macho yako. Sisi macho yetu ni salamu."

Ghala lile lilishabomoka. Lakini hata leo sisimizi wawili wakikutana, hata kama hawana mzigo, husimama kwanza wakaulizana: "Kwema utokako?"