Koja Begani kwa Babu

Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kusanyika nje. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliokufa mji ulipochomwa vitani, kila nyumba hutoa picha ya askari wake ikabebwa mbele ya maandamano. Safari hii Zubeda ndiye aliyetakiwa kuibeba picha ya babu yake.

Aliishusha ukutani. Koja kavu la asumini la mwaka jana likakatika, na begani kwa babu ikaonekana beji ambayo hakuwahi kuiona.

"Mzee Makungu, hii ni ya kikosi gani?" alimuuliza jirani yao, askari mstaafu aliyekuja kuwasindikiza.

Mzee alivaa miwani, akaitazama beji, akaivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Nge mwenye mikia miwili," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, hawa hawakuulinda mji huu. Hawa ndio walioutia moto."

Mtu aligonga dirisha. "Zubeda, tunakusubiri wewe tu."

Alitaka kuirudisha picha ukutani, lakini bibi yake alikuwa tayari mlangoni na koja bichi mkononi. Hakuuliza walikuwa wakinong'ona nini. Alilifunga kwenye kona ya fremu, si katikati kama zifanyavyo nyumba nyingine, kwa vidole vilivyozoea, mpaka yule nge akafunikwa kabisa.

Mzee Makungu aliinamisha uso.

"Shika hapa," bibi alimwambia mjukuu wake, akamwekea kidole gumba juu ya maua. "Njiani kuna upepo."