Mfalme Aliyebaki Peke Yake

Shule za wanyama zilipofungwa, Nguchiro alishinda nyumbani akicheza sataranji na jirani yake, Pimbi. Nguchiro alikuwa hodari, ila hakuwa na huruma. Hata ushindi ulipokuwa tayari mkononi mwake, hakuumaliza mchezo. Kwanza alikula kete zote za mwenzake moja moja, huku akicheka, mpaka mfalme wa Pimbi akabaki peke yake.

“Mimi sirudi tena,” Pimbi akasema siku moja, machozi yakimlengalenga.

Nguchiro alishtuka. Likizo ilikuwa bado mbichi, na hakuwa na mwingine wa kucheza naye.

Mama Nguchiro akamwita Pimbi. “Kaa, mwanangu. Safari hii nikipiga makofi, mtageuza ubao, na kila mmoja ataendelea na kete za mwenzake.”

Nguchiro akakubali upesi, lakini utamu wa kula kete ukamsahaulisha sharti hilo. Alipombakizia Pimbi mfalme peke yake, makofi yakalia. Ubao ukageuzwa.

“Mama, hii si haki!” Nguchiro akalalamika. “Mfalme gani huyu hana hata askari mmoja? Nani kamtenda hivi?”

“Wewe,” Pimbi akajibu taratibu.

Tangu hapo, kila Nguchiro akitaka kula kete, kwanza huutazama upande wa pili wa ubao, kama mtu anayeitazama nyumba atakamolala.